Nyumba Zisizo na Paa

Kazi yangu kambini ni matope. Kwenye karatasi za ofisi inaitwa msaada wa kisaikolojia kwa njia ya sanaa, ila binti yangu, aliyerithi ulimi wangu, akiulizwa niko wapi hujibu, "Mama kaenda kuchezea matope." Siwezi kumkosoa. Nina stashahada ya ualimu wa sanaa, na kila jioni nakwangua udongo chini ya kucha kwa kijiti cha kiberiti kabla sijagusa chakula cha wanangu.

Ukumbi wetu ni nguzo, turubai na mabati mawili yanayogombana kila upepo ukivuma. Meza ni mbao zilizolazwa juu ya kreti za soda. Udongo tunauchimba nyuma ya mabomba, pale maji yanapomwagika kutwa na ardhi haikauki. Watu wazima waliofukuzwa makwao na vita wanakuja hapo kufinyanga, na hatufinyangi vyungu. Tunafinyanga nyumba. Kila mtu anajenga aliyoiacha, kuta za kimo cha kidole, bila paa. Paa silitaki kwa sababu linaficha. Nataka tuone vyumba, tuone kitanda kilikaa wapi na nani alikuwa juu yake. Watu tunawafinyanga wadogo kama haragwe na kuwaweka walipokuwa usiku wa mwisho. Swali langu ni moja, nalirudia meza kwa meza: "Nani analala hapa?" Siulizi kilichotokea. Mtu akitaka kusema atasema, asipotaka tutaongea habari za ukuta.

Ofisini waliniambia shughuli hii ni nyeti, nisiruhusu vicheko vingi. Hawajakutana na Shangazi.

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale. Ni mjane mwenye sauti ya kuuza samaki, na yeye ndiye aliyeanzisha jambo ambalo sikulipanga. Siku za mwanzo kabisa alikwama na mumewe mkononi, kipande kidogo cha udongo.

"Huyu nimweke wapi, Mwalimu? Alikufa njiani."

"Mweke unapotaka."

Akamketisha chumbani, mgongo ukutani, miguu mbele. "Walio hai ndio walale, maana wamechoka," akasema. "Marehemu wamelala vya kutosha. Wakae tupige nao soga."

Watu walicheka, wengine wakalia, na tangu hapo kila mtu akafanya hivyo. Hakuna aliyetangaza. Ukiinamia nyumba yoyote ukumbini unajua papo hapo: aliyelala yuko hai, aliyeketi ameshatutoka. Mgeni akija tunamkalisha karibu na wenyeji, anajionea mwenyewe, anafuata.

Meza ya katikati ilikuwa ya Dereva na mkewe, Mama Pacha. Dereva aliendesha malori kabla ya vita, mtu wa mabega mapana, mpole mpaka anakera. Mkewe mwembamba, mwenye maneno machache, mapacha wao wadogo huwaacha kwa jirani akija kwangu. Walijenga nyumba moja pamoja. Chumba cha nyuma Dereva alikijenga peke yake, hakutaka kusaidiwa, kwa kuwa kilikuwa cha mama yake.

Dirisha la chumba hicho lilikuwa chini, usawa wa kitanda. Nilipouliza sababu alifurahi kuulizwa. Mama yake miguu ilikufa, akawa mtu wa kitandani, na kilichomuuma zaidi ni kutoona barabara. Basi Dereva akabomoa ukuta, akalishusha dirisha. "Akawa anawatambua watu kwa viatu vyao," alisema. "Mtu akipita bila kusalimia anatukanwa kuanzia soli kwenda juu." Kisha akamketisha mama yake chini ya dirisha hilo, mgongo ukutani. Mama alikufa alfajiri ile ile waliyokimbia. Mkewe ndiye aliyemkuta, na ndiye aliyemfunika. Hakukuwa na nafasi ya kuzika, risasi zilikuwa zinasikika kutoka darajani. Dereva alisimama mlangoni akaomba dua, akabeba pacha mmoja, mkewe akabeba mwingine, wakaondoka. Hayo alinieleza bila kuinua macho kutoka kwenye udongo, na Mama Pacha alikuwa pembeni anasawazisha ukuta uliokwisha sawazika.

Fundi alikuja na watu waliohamishiwa kwetu baada ya kambi yao kufurika maji. Mwashi, mjenzi wa nyumba za kweli. Asubuhi hiyo nilikuwa nje nabishana na mleta maji aliyeegesha gari juu ya shimo letu la udongo, kwa hiyo hakuna aliyempangia nafasi. Alikuta meza ya mwisho, inayotazama turubai, akakaa peke yake akaanza. Niliporudi alikuwa ameshasimamisha kuta zote, pembe zake zimenyooka kama zimepimwa kwa timazi, na tayari amegombana na Shangazi.

"Mama, ukuta wako huu mtu akipiga chafya tunaokota maiti."

"Nyumba yangu ilisimama bila wewe, fundi wa maneno. Angalia yako."

"Nilisema tu."

"Wasemaji tumeshawapata wa kutosha, tunatafuta wachimbaji."

Nikapita meza kwa meza kama kawaida yangu. Nikafika kwake, nikainama. Chumba cha mbele, ukumbi mwembamba, jiko kando, chumba cha nyuma. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa chini, usawa wa kitanda. Juu ya kitanda alilazwa mtu mmoja, kichwa kimeelekezwa dirishani.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini mdomo umeshazoea, na sauti yangu ni ya mtu aliyelea watoto kwenye nyumba yenye mabati.

"Nani analala hapa?"

"Bibi mmoja," Fundi akajibu. "Nyumba si yangu, Mwalimu. Yangu imeungua mpaka msingi, sina hamu nayo. Humu nilijificha nilipokuwa nakimbia. Nikifumba macho ndiyo naiona. Tazama dirisha hili, katika maisha yangu ya ujenzi sijawahi kuona mtu kaliweka chini hivi. Nilidhani fundi alikuwa mlevi."

Nyuma yangu kreti ilibururwa.

Dereva alikuja taratibu, mikono imejaa udongo, akasimama juu ya ile nyumba. Aliitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe mfukoni mwa mtu mwingine.

"Umeiga yetu," akasema.

"Yenu ipi, ndugu yangu? Mimi nimekaa hapa natazama turubai."

"Mlango wa jiko unafungukia wapi?"

"Nje. Na una bawaba moja ya juu, chini umefungwa kwa waya."

Waya huo Dereva aliufunga kwa mkono wake. Nilijua kwa namna vidole vyake vilivyosokota hewa. "Huyo bibi," akasema. "Miguu yake."

"Haikuwa na kazi. Ila mdomo ulifanya kazi ya miguu na mikono. Nimeingia tu, kabla ya salamu, ananiuliza, viatu gani hivyo, umeviiba kwa nani?"

Shangazi alisogea, akachungulia chini ya kwapa la Dereva, na sauti ile ya sokoni ikatoka kama ya mgonjwa: "Kamlaza."

Kila mtu aliona. Mwanamke kalazwa kitandani, shingo imegeukia dirisha.

"Mama yuko hai," Dereva akasema.

Alirudia, safari hii akimgeukia mkewe. "Mama yuko hai. Wewe uliniambia amekufa."

Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua watu husema nini wakibanwa. Nilingoja Mama Pacha aseme sikujua, nilimgusa alikuwa wa baridi, ilikuwa giza, nilichanganyikiwa. Lolote kati ya hayo ningelipokea. Yeye aliweka chini kisu cha kukatia udongo, akafuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Tulipoondoka alikuwa hai."

Nilishika ukingo wa meza, na meza ni ubao tu, ikainuka upande wa pili na nyumba ya mtu ikateleza ikaanguka chini. Hakuna aliyeitazama.

Dereva hakumpiga, hakumtukana. Hiyo ingekuwa nafuu. Alimwangalia mkewe kama hajawahi kumwona, akageuka, akatoka na udongo wake mikononi, anaelekea geti.

"Anakwenda wapi?" Fundi akauliza.

"Kumfuata mama yake," nikasema. "Huoni?"

"Kumfuata wapi?"

"Si umemlaza wewe!"

"Nimemlaza, ndiyo. Alikuwa mgonjwa. Ulitaka nimsimamishe?"

Hapo ndipo niliposhtuka mara ya pili, na hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Nilimweleza kwa haraka, nikibabaika: hapa kwetu aliyelala yuko hai, aliyekufa tunamketisha. Fundi alitazama meza za wenzake moja baada ya nyingine, vyumba vilivyojaa watu waliokaa mgongo ukutani.

"Mwalimu," akasema, "yule bibi nilimzika mimi."

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, aproni imeganda matope, nikakimbia katikati ya mahema watu wakidhani kuna moto. Waliowahi kutoka geti lile kurudi makwao kuchukua mtu au ng'ombe, sisi tunawakumbuka kwa majina yao tu. Dereva alikuwa ameshavuka kizuizi cha kwanza, mlinzi anamwuliza karatasi na yeye hasikii. Nikamwita, hakugeuka. Chuoni walitufundisha namna ya kufikisha habari mbaya: mkalishe mtu, punguza sauti, mpe maji. Nilisimama katikati ya barabara mbele ya foleni yote nikapiga kelele:

"Mama yako amekufa! Usiende! Amekufa!"

Akasimama. Nilipomfikia alikuwa anacheka, kicheko kisicho na pumzi.

"Mama huyo huyo mmoja," akasema, "naambiwa amekufa mara ya pili. Nyie wanawake safari hii mna ushahidi gani?"

Fundi alifika akihema, na Mama Pacha nyuma yake. Shangazi pia, hakuna wa kumzuia. Tulikaa pale pale kwenye mawe ya kizuizi, mlinzi akatuacha, na Fundi akasema yake.

Daraja lilipofungwa alikwama upande ule, akaingia nyumba ya kwanza aliyoiona mlango wazi. Alimkuta bibi kitandani, na kilichomshangaza ni jinsi kila kitu kilivyokuwa karibu na mkono wake. Dumu la maji limetobolewa na kuwekwa mpira mwembamba wa kunyonyea. Viazi vilivyochemshwa, vimemenywa kabisa. Beseni chini upande wa kulia, vitambaa vimekunjwa upande wa kushoto. Shuka ya pili kwa ajili ya baridi. "Nikajua aliyeondoka hapa hakuondoka kwa kutupa mtu," akasema. Mimi nimeuguza, najua kazi hiyo inavyochukua muda, na mwanamke aliyeifanya aliifanya gizani, kimya, huku mumewe anafunga mizigo chumba cha pili.

"Bibi aliniambia mwenyewe," Fundi akaendelea, akimtazama Dereva kwa woga. "Samahani, nakueleza alivyosema. Alisema, mwanangu ni ng'ombe. Akishasimama mahali hasukumwi. Angekaa hapa mpaka wamwue mlangoni pamoja na watoto. Kwa hiyo nimeamua kufa. Nimemwambia mkwe aseme nimekufa. Akasema, mkwe wangu kalia vizuri mno, hata mimi nikataka kujililia."

Shangazi alitoa sauti fupi, akaziba mdomo.

"Nilikaa naye mpaka homa ikamchukua. Nilimzika nyuma ya jiko. Sikuwa na jembe, nilichimba kwa kipande cha bati, lakini nilichimba kwenda chini, sikumdharau. Mimi ni mwashi, najua msingi."

Dereva alisikiliza yote hayo akitazama vidole vyake. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka. Mwisho alimwuliza mkewe jambo moja tu.

"Ulinitazama nikimwombea dua?"

"Nilikutazama."

Akainuka. Nilimshika mkono, akautoa bila nguvu, akarudi kambini, akapita hema lake bila kusimama na kwenda kulala kwa wanaume wasio na familia.

Ofisi ilitaka nifunge ukumbi kwa muda. Niliwaambia wafunge wao wenyewe kama wanajua ufunguo wa turubai uko wapi. Siku zilizofuata watu walikuja wote, hata ambao huwa hawaji, na nusu yao walikuja kumwangalia Mama Pacha. Naye alikuja. Alikaa kwenye meza ya katikati, mbele ya nyumba yake, pacha mmoja mgongoni na mwingine mapajani kwa kuwa jirani alikuwa ameacha ghafla kuwa jirani. Wanawake wawili walihama meza. Niliwarudisha kwa macho.

Shangazi ndiye aliyevumilia mpaka akashindwa. "Mwanangu, mimi sikuhukumu. Lakini ukishafika salama, si ungesema? Siku ya pili, ya tatu, mkishakula?"

"Angerudi."

"Hata baada ya kufika huku?"

"Hata huku. Shangazi, si mmemwona? Kasikia kwa muda wa dakika tu, tayari yuko getini. Bila viatu vya safari, bila kuniuliza watoto nitawalea na nani. Hivyo ndivyo angefanya kila siku ambayo ningesema. Nilikuwa nangoja siku ambayo hatarudi. Haikuja."

Shangazi akaenda akamchukua pacha wa mapajani, akamweka kwake, akaendelea na ukuta wake kwa mkono mmoja.

Fundi alikuwa hawezi kukaa. Alisogeza kreti huku na huko, akaniuliza kama nataka abomoe ile nyumba yake. Nilimkataza. Akaniuliza kama amketishe yule bibi. Nikamwambia hilo si juu yangu wala si juu yake, akae chini aache kunitia kizunguzungu.

Dereva aliingia mchana, jua kali, watu wanaanza kunawa. Hakuwa amenyoa. Alivuta kreti akakaa mbele ya mkewe, nyumba yao katikati yao, na mapacha, mkewe na Shangazi walipowaachia, wakaanza kumrukia kama vifaranga. Hakuwagusa, ila hakuwasukuma. Nilitaka kuwatoa watu wote nje. Nikaona nikifanya hivyo ataondoka. Basi nikajifanya naosha visu.

"Ule wakati wa dua," akasema. "Alikuwa anasikia?"

"Alisikia yote."

"Mama alikuwa na kifua. Alfajiri ndiyo kilikuwa kibaya, alikuwa anakohoa mpaka kitanda kinatembea." Alikuwa anasema polepole, kama anayepiga hesabu isiyokubali. "Nilisimama pale. Mbona hakukohoa?"

Nilimwona Mama Pacha akitafuta namna nyingine ya kulisema, akaikosa.

"Aliuma shuka," akasema. "Aliikunja akaijaza mdomoni, kwa upande wa ukutani. Ndiyo maana nilikukataza usimfunue uso."

Kisu kilinitoka mkononi kikazama kwenye ndoo. Sikukifuata.

"Na mimi nikaomba dua ndefu," Dereva akasema.

"Ndefu mno. Nilikuminya mkono ili ufupishe, wewe ukaanza upya. Niliona shuka inatikisika. Nikasema leo atakufa kweli, atakufa kwa kukosa pumzi huku mwanawe anamwombea."

Bega moja la yule mtu mkubwa lilianza kuruka, kisha la pili. Alikamata ukosi wa shati lake, akautia mdomoni, akauma, macho yamemtoka, na hakuna sauti iliyotoka. Alikuwa anatetemesha kreti nzima na hakuna sauti. Sisi wote tulikuwa tumesimama kama miti. Mimi mwenye stashahada nilikuwa nimeshika ndoo.

Mama Pacha alizunguka meza. Alimshika kidevu, kwa ukali kidogo, kama mtu anayemtoa mtoto mdomoni kitu alichookota, akauvuta ule ukosi kutoka kwenye meno yake.

"Toa sauti," akamwambia. "Huku hakuna anayetutafuta. Toa sauti, baba wee."

Akaitoa. Waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha madumu wakaja kuchungulia chini ya turubai, na mimi nikatoka nje kuwafukuza kwa mikono yenye matope.